Mitego Miwili ya Antena ya Bububu

Jumamosi, 13 Januari 2024

Mpwa wangu wa Bububu, Unguja, ameshapima uwanja. Kutoka mnazi wa uani hadi nguzo iliyo pembeni mwa tangi la maji ni mita 19 na kidogo. Antena kamili ya mita 40 inataka waya wa mita 20, na bado hujahesabu kamba na vihami vya mwisho. Haiingii. Naye anazitaka bendi mbili: mita 40 jioni na usiku, mita 20 mchana, kwa waya mmoja na kebo moja inayoshuka dirishani. Leseni yake ya TCRA anayo, redio ya wati 100 anayo, kilichobaki ni waya.

Nimemjibu: tutatia mitego.

Naandika hesabu hapa nisije nikazitafuta tena kwenye vikaratasi. Mtego ni koili na kapasita vilivyofungwa sambamba. Vikikubaliana kwenye megahezi 14.1, basi kwa masafa hayo njia inafungwa, na waya wa ndani peke yake, mita 5.05 kila upande, unakuwa antena kamili ya mita 20. Ukishuka kwenye megahezi 7 mtego unaachia, umeme unapita hadi ncha za nje, na koili inaongeza urefu ambao macho hayauoni. Ndiyo maana antena nzima inatosha kwenye mita 17 au 18 badala ya 20. Uwanja wa Bububu unaichukua, na kamba zake.

Nimechagua kuanzia na pikofaradi 33 na mikrohenri 3.85. Koili: mizunguko 10 ya waya wa shaba, kipenyo milimita 50, iliyotanda kwenye urefu wa milimita 41 au 42. Nimetumia kanuni ya Harold Wheeler ya mwaka 1928, ambayo mpaka leo inatoa jibu la kutosha kwa kalamu na karatasi.

Koili hainipi wasiwasi. Shaba ni shaba. Kazi yote iko kwenye kapasita.

Jumatatu, 15 Januari

Baridi kali hapa London, barafu kwenye vioo vya magari. Nimekaa ndani na makala ya Buchanan, W3DZZ, iliyotoka kwenye jarida la QST mwezi Machi 1955. Watu duniani kote bado wanaiita antena ya mitego kwa alama yake ya wito. Howard Morgan alikuwa ameshaandika juu ya mitego mwaka 1940, lakini antena ya Buchanan ndiyo iliyopanda juu ya mapaa ya watu. Mtego wake ulikuwa mikrohenri 8.2 na pikofaradi 60, kwa megahezi 7.2. Ukigawa kwa mbili kila kitu unafika karibu kabisa na namba zangu, na hilo limenituliza.

Sasa volti. Mtego unakaa mwisho wa antena ya mita 20, na mwisho wa waya ndipo volti zinapopanda. Kwa wati 100 naichukua elfu moja kwenye kilele kuwa hesabu ya tahadhari. Ukinzani wa koili yangu kwa masafa hayo ni kama omu 340. Gawanya: ampea 3, zinazozunguka kati ya koili na kapasita, kwenda na kurudi kama bembea, mara milioni 14 kwa sekunde. Redio yenyewe haitoi zaidi ya ampea 2 kwenye kebo, lakini ndani ya mtego zinazunguka 3.

Hili ndilo wauzaji hawaliandiki. Ubavuni mwa kapasita utasoma pikofaradi na volti. Ampea za masafa ya juu hutazisoma popote, isipokuwa kwenye karatasi za kiwanda za kapasita za transmita. Kapasita ya volti 2,000 inaweza kufa kwa joto bila volti kuifanya lolote. Nimempelekea mpwa wangu ujumbe wa sauti nikamweleza haya. Akajibu: "Mjomba, kwa hiyo tunanunua ya kubeba ampea, volti zinafuata." Amenielewa vizuri sana kijana huyu.

Jumamosi, 20 Januari

Nimeshinda na Maalim, mzee wangu wa redio, Edgware Road. Tulikutana kituoni, akasema tupande kwa miguu hadi Church Street ijapokuwa baridi inauma. Umri wake umepita themanini, anatembea na bakora, na kila kona ana la kusema.

Anayeijua Edgware Road ya leo anajua shisha, karak, mikahawa ya Walebanoni, maduka ya dawa yenye maandishi ya Kiarabu, na meza za nje ambako wakati wa kiangazi utasikia Kiswahili cha Unguja kutoka kwa Waomani waliokuja kupunga upepo. Maalim ana Edgware Road nyingine. Alifika London kijana, miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964, akasomea ufundi wa redio jioni huku akifanya kazi mchana. Jumamosi yake ilikuwa hii barabara. Vipuri vya redio vilikuwa vimejaa upande huu wa mji: maduka ya mabaki ya vita yaliyoanza kuuza mara baada ya 1945, vipokezi vya R1155 vilivyotoka kwenye ndege za Lancaster, redio namba 19 za vifaru, mita, valvu, kapasita kwa kilo.

Tulipovuka chini ya barabara ya juu ya Marylebone akasimama. "Hapa, mwanangu. Namba 303, Henry's Radio." Mbele yetu ni West End Gate, minara ya fleti yenye vioo, bustani ya mapambo, na mlinzi wa mlangoni. Eneo lote la namba 285 hadi 329 ni mradi mmoja. H. L. Smith, waliokuwa wakikata na kukunja masanduku ya alumini ya redio, walikuwa 287 na 289, nao wamo humo humo. Henry's ilikua ikawa na maduka zaidi ya moja kwenye barabara hii hii: 303, 309, na ng'ambo ya pili 404. Hata hilo la 404 tumepita mbele yake. Halipo.

Maalim hakulalamika. Alinieleza jinsi ya kununua, na haya ndiyo niliyokwenda kuyatafuta kwake. Alikuwa akiingia na kioo cha kukuzia mfukoni. Kapasita ya ulanga ya transmita unaigeuza kwanza ukatazame mahali miguu inapoingia kwenye mwili. Ukiona ufa wa unywele, irudishe, maji yameshaingia. Kisha unatazama skrubu na vichwa vyake: kama kuna alama ya moto, imeshafanya kazi ikachoka. Mwisho ndipo unasoma thamani. "Watu wanasoma thamani kwanza," akasema, "na thamani ndiyo kitu rahisi kupima."

Tukaingia mkahawani karibu na Church Street tukaagiza chai. Akafungua mfuko wa plastiki akatoa kopo la biskuti. Ndani, kwenye pamba, kapasita za ulanga zenye mwili wa bakelaiti ya kahawia, nzito kuliko zinavyoonekana, kila moja imechapwa µµF 100 kwa namna ya zamani ya kuandika pikofaradi, na chini yake V 2500. Alizinunua hapa barabarani, enzi za Henry's. Nimezihesabu: zinatosha tatu tatu kwa mitego miwili na baki juu. Tatu za 100 mfululizo zinatoa 33, na volti zinagawanyika sawa baina yao.

"Chukua. Nataka zirudi kwetu."

Nimerudi nazo na basi la 98, kopo mapajani.

Ulanga wenyewe ni habari ya peke yake. Sehemu kubwa ya ulanga wa dunia ilitoka India, lakini milima ya Uluguru ilichimbwa tangu enzi za Wajerumani, na Vita vya Pili vilipopamba moto Waingereza waliutaka ulanga wa Tanganyika kwa ajili ya redio na rada. Ni jiwe linalobanduka tabaka nyembamba kuliko karatasi, halipitishi umeme, halijali joto, na halibadiliki na miaka. Hadi leo ni vigumu kulishinda.

Jumapili, 21 Januari

Dhoruba Isha inapiga usiku huu. Waya wangu wa barazani unapiga filimbi. Nimeushusha.

Kazi ya leo ni ndogo: nimezipima kapasita za Maalim moja moja. Zote ziko kati ya 97 na 103, baada ya miaka yote hiyo. Nimeziweka tatu tatu ili jumla za mafungu mawili zilingane, maana mtego wa kushoto na wa kulia ukitofautiana antena inainama upande mmoja.

Jumatano, 31 Januari

Kapasita za kauri nilizoagiza zimefika kwa posta, aina mbili. Za kwanza ni visahani vya buluu, pikofaradi 100, volti 1,000, aina ya Y5P, bei ya chini kabisa. Hizi ndizo zinazopatikana kila mahali, na kijana yeyote akitafuta Kariakoo atapewa hizi. Za pili ni NP0, thamani na volti zile zile, zina alama nyeusi kichwani, na bei yake ni mara kadhaa.

Nimefanya jaribio la mezani ambalo ningemshauri kila mtu alifanye kabla hajalehemu chochote. Koili ile ile, kapasita tatu mfululizo, NanoVNA pembeni, na kikausha nywele cha mke wangu. Kifaa hiki cha NanoVNA kinauzwa chini ya bei ya jozi ya viatu vizuri, na kinachora mbele ya macho yako mahali mtego unapofunga. Zamani tulitafuta bonde la sindano kwenye dipu mita, na ukisogea kidogo masafa yanasogea nawe.

Visahani vya buluu kwanza. Baridi ya jikoni: mtego umefunga kwenye 14.10. Nikapuliza joto hadi kipimajoto kikasoma 60. Bonde kwenye skrini likaanza kutembea kulia, taratibu, 14.15, 14.20, likaenda kusimama karibu na 14.40. Nikazima. Likarudi, lakini lilichukua muda, na halikurudi pale pale lilipoanzia.

Sitaki kupita haraka hapa. Digrii 60 siyo namba ya kutisha watu. Juu ya paa la bati la Bububu, mwezi wa Februari, saa nane mchana, bomba jeusi lililobeba koili linafika huko bila redio kuwashwa. Ongeza ampea zinazozunguka ndani. Kauri ya namna hii inapoteza nguvu kidogo kwa kila mzunguko, na inachopoteza kinakuwa joto lake yenyewe. Joto linasogeza thamani, thamani inasogeza mtego, na mtego uliosogea haufungi tena pale unapotakiwa. Mtu atakaa redioni akishangaa kwa nini asubuhi antena ni nzuri na alasiri imeharibika. Atalaumu kebo, atalaumu redio, atapanda mnazi bure.

NP0: nilipuliza mpaka mkono ukachoka. Bonde lilisogea kilohezi chache tu, na sehemu ya hizo ni koili na bomba vilivyotanuka. Kiwango chake ni sehemu 30 kwa milioni kwa kila digrii. Kwa tofauti ya digrii 50 hiyo ni kama kilohezi 10 kwenye bendi ya mita 20. Hakuna sikio litakaloitambua.

Ulanga wa Maalim: kilohezi 20 hivi. Vizuri sana.

Kwa hiyo kauri za buluu zimetoka. Ziende kwenye vyanzo vya umeme na kazi nyingine, huko ni njema.

Jumamosi, 10 Februari

Leo nimejaribu njia ya tatu, ambayo haina kapasita kabisa ya kununua: mtego wa kebo.

Unachukua kebo ya RG-58, ile nyembamba nyeusi ya omu 50, unaizungusha kwenye bomba la PVC. Kati ya kiini na wavu wake kuna karibu pikofaradi 100 kwa kila mita, tayari zimo, bure. Kebo yenyewe ni koili, na kebo hiyo hiyo ni kapasita. Kisha kiini cha mwanzo unakiunga na wavu wa mwisho. Wavu wa mwanzo na kiini cha mwisho ndivyo vinavyoshika antena.

Kwa bomba la kipenyo cha nje cha milimita 50 hesabu inatoa mizunguko 5, kiasi cha sentimita 86 za kebo bila masalia. Nikatoboa matundu mawili ya kubana ncha, nikazungusha mizunguko ikigusana, nikaiunga. NanoVNA ikaonyesha 13.9. Nikaitanua mizunguko miwili ya mwisho kwa upana wa ukucha, ikapanda hadi 14.1. Nikaifunga kwa gundi na utepe.

Kwa muungano huu ukinzani wa mtego unapita omu 500, hivyo ampea zinazozunguka zinashuka chini ya 2. Volti kati ya kiini na wavu ni nusu tu ya zile za mtego mzima, na RG-58 inastahimili zaidi ya elfu moja. Antena pia inafupika zaidi kwenye mita 40. Gharama yake ni upana: kwenye megahezi 7 sehemu ya kupigia inakuwa nyembamba kidogo. Kijana anapenda kukaa sehemu moja ya bendi, hatoumia.

Kikausha nywele: chini ya kilohezi 50.

Nimejaribu pia kebo ya televisheni, kwa sababu ndiyo iliyojaa madukani Darajani. Haifai. Wavu wake ni wa alumini na haushiki risasi ya kulehemu; ndani yake ni povu, na ukiikunja kwenye bomba dogo kiini kinasogea polepole kuelekea ukutani, hasa ikipata joto. Mtego utabadilika wenyewe. RG-58 yenye wavu wa shaba iliyopakwa bati, na plastiki ngumu ndani, hiyo ndiyo ya kutafuta. Unguja ipo: boti za watalii na za wapiga mbizi zina redio za baharini, na antena zao nyingi zinashuka na kebo hii hii. Mpwa wangu amepita bandarini, ameona vipande.

Alhamisi, 22 Februari

Tangu jana masharti mapya ya leseni za redio ya Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano, yameanza kazi. Mwenye leseni kamili Uingereza sasa anaruhusiwa wati 1,000. Simu za wanaredio zimelia mchana kutwa.

Kwa mitego hili si jambo dogo. Nguvu ikizidi mara kumi, volti na ampea zinazidi mara tatu na zaidi kidogo. Ile elfu moja inakuwa elfu tatu na mia, na ampea 3 zinakuwa karibu 10. Mitego mingi iliyo juu ya mapaa ya London haikutengenezwa kwa hayo. Bububu ni wati 100, na nimeandika hivyo kwa wino usiofutika juu ya bomba lenyewe, ili siku akija mtu na mashine kubwa asome kwanza.

Jumapili, 3 Machi

Nimemtembelea Maalim. Nilikwenda na mitego yote: wa ulanga, wa NP0, wa kebo, na karatasi za vipimo.

Alivitazama kwa kioo chake. Mtego wa ulanga aliushika muda mrefu. Kisha akauweka ule wa kebo mbele yake akausogeza kwa kidole kama mtu asiyeuamini. "Huu unakula nguvu zaidi." Ni kweli, nikamwambia, vipimo vinaonyesha hivyo, lakini tofauti yake kwenye antena ni ndogo kuliko kosa la kebo ya kushukia isiyofungwa vizuri. Akanyamaza. Akasema ulanga utadumu miaka hamsini. Nikamwambia kapasita itadumu, lakini antena iko karibu na bahari, na mnazi unayumba, na siku moja waya utakatika na mtego utaanguka kwenye sakafu ya saruji. Bakelaiti ya miaka sabini ikipasuka, yule kijana atakwenda duka gani? Hata hapa Edgware Road zilikotoka hazipo tena. Kebo atakwenda bandarini, atarudi na mita moja, na kabla ya Magharibi antena iko juu.

Hapo ndipo ninaposimama mimi. Naheshimu ulanga kuliko kitu chochote nilichokipima majira haya ya baridi, na kwenye karatasi unaishinda kebo. Lakini kifaa kinachagua pia mahali kitakapoishi na mikono itakayokitengeneza. Mtego mzuri kwa Bububu ni ule ambao ukivunjika unatengenezwa Bububu. Ningemwambia hivyo mtu wa Lamu, wa Mtwara, wa Sur.

Maalim hakukubali mara moja, na mimi sikumshindilia. Tulikula. Mkewe akatuletea tende. Baadaye akaniuliza kebo ile inauzwaje kwa mita, na bomba ni la aina gani, na kama kijana anajua kulehemu. Nikamwambia anajua. Akasema: "Basi peleka ya kebo. Na hizi zangu pia peleka, awe nazo mkononi. Ajue kitu kizuri kinafananaje." Hilo nimelikubali kwa moyo mmoja. Mtego wa ulanga unakwenda Unguja kama kipimo: kijana ataweza kulinganisha kila atakachokitengeneza mwenyewe.

NP0 zinabaki kwangu, kwa antena ya barazani.

Ijumaa, 8 Machi

Mama mmoja wa jirani anasafiri Jumapili kwenda Unguja, Ramadhani imeshafika mlangoni. Amekubali kifurushi. Masika nayo yanakuja, kwa hiyo leo nimemaliza mambo ya maji na chumvi, ambayo yanaua mitego mingi kuliko umeme.

Skrubu zote, nati na washa ni chuma cha pua. Ncha za waya zina vishikizo vya shaba vilivyolehemiwa, na sikuacha alumini igusane na shaba popote, maana chumvi ikiingia baina yao alumini inaliwa. Mzigo wa waya hauvuti kebo: kamba na matundu ya bomba ndiyo yanayovuta, na kebo imelegea. Nimezungushia utepe wa mpira unaojigandisha, kisha utepe mweusi juu yake kwa ajili ya jua. Ncha za kebo zilizokatwa nimezijaza gundi ya silikoni, ile isiyonuka siki, kwa sababu ya siki inakula shaba. Bila hivyo wavu unanyonya maji kama utambi na mtego unashuka masafa kila mvua.

Mabomba nimeyaacha wazi chini. Kuna wanaoyaziba pande zote mbili wakidhani wamezuia maji. Hewa yenye unyevu inabaki ndani, usiku inapoa, inatoa matone, na matone hayana pa kutokea. Tundu moja la milimita 4 upande wa chini linatosha, na kitambaa cha wavu kuzuia wadudu. Manyigu wa Bububu wanapenda bomba.

Vipimo vya mwisho, kwenye ubao wa karatasi nitakaouweka ndani ya kifurushi: mtego wa kushoto 14.11, wa kulia 14.12. Waya wa ndani ukatwe mita 5.20 kila upande, upunguzwe kidogo kidogo hadi antena itulie kwenye 14.15. Hapo mita 20 imekwisha, usiiguse tena. Kisha waya wa nje, uanze na mita 3.80, upunguzwe hadi 7.10. Anayeanza na waya wa nje atarudia kazi, kwa sababu kila akiugusa wa ndani wa nje nao unahama.

Nimemweleza haya kwa sauti pia, na nimemwambia asipandishe antena kabla hajaupima kila mtego kwa NanoVNA akiwa chini, maana safari ya ndege na mikoba inaweza kusogeza mizunguko. Akasema: "Shikamoo mjomba, na Maalim mwambie namba yake ya simu nataka." Nimempa. Wazungumze wenyewe juu ya ulanga.

Mama jirani amesema kifurushi kisizidi kilo mbili. Kopo la biskuti peke yake lina gramu mia saba. Nimetoa pamba, nikazifunga kapasita kwa soksi mpya za sufu ambazo kijana hatozihitaji Unguja, na jumla imekaa kilo moja na gramu mia nane.

Jumapili ya wiki ijayo, akiwa ameshakata waya, tutajaribu kwenye 14.200, saa kumi alasiri kwa saa za Unguja. Jua liko karibu na kilele cha mzunguko wake na mita 20 imefunguka vizuri. Alama yake inaanza na 5H1. Maalim atakuwa kwangu.